Shule ya Marekani ikisema "elimu maalumu", inasema nini hasa?

Barua ilikuwa na kurasa nane, zote Kiingereza. Mama mmoja kutoka Uvira alinipigia simu saa tatu usiku akaniuliza swali moja tu: "Wanasema mtoto wangu ni mjinga?" Nikamwomba anitumie picha ya ukurasa wa kwanza. Shule haikuwa imesema hivyo. Ilikuwa inamwomba ruhusa ya kumpima mtoto, na bila saini yake isingeweza kuanza. Barua aliyoidhani hukumu ilikuwa ombi, na anayeombwa alikuwa yeye.

Nimefanya ukalimani kwenye vikao vya shule kwa miaka kadhaa, na mkanganyiko huu nakutana nao kila mara kwa sura mpya. Baba anakataa kusaini kwa sababu amesikia mtoto "atapelekwa shule ya walemavu". Mama anasaini kila karatasi kwa kumheshimu mwalimu, hajui amekubali nini. Mwingine ana binti anayeongoza hesabu darasani, lakini hajawahi kuambiwa kwamba kuna darasa la hesabu la juu zaidi na majina ya wanaoingia humo yalishapangwa mwaka uliopita. Kisha ikaja Machi 2025, Rais Donald Trump akatia saini amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu ya taifa, na makundi yetu ya WhatsApp yakajaa sauti za watu wakisema elimu maalumu imefutwa. Haijafutwa, na nitaeleza kwa nini. Lakini ili tuelewane, tuanze na neno dogo ambalo linatupoteza tangu mlangoni.

Neno hilo ni wilaya. Kwa aliyekulia Kigoma au Mpanda, wilaya ina mkuu wake, polisi wake, hospitali yake. Wilaya ya shule ya Marekani si ya namna hiyo. Ni mamlaka ya shule peke yake. Ina bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura na wakazi, ina mkurugenzi aliyeajiriwa na bodi hiyo, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye kodi za majengo ya eneo lake na kwenye hazina ya jimbo. Zipo takribani 13,000 nchi nzima, kubwa na ndogo, tajiri na maskini. Ndiyo maana ndugu wawili, mmoja akiishi Dallas na mwingine Louisville, wanaweza kusimuliana habari za shule kwa saa nzima wasielewane: kila mmoja anasema kweli ya kwake.

Juu ya wilaya kuna jimbo, na juu ya jimbo kuna sheria za taifa. Mambo mengine sheria ya taifa imeyafunga kwa kufuli, wilaya haiwezi kuyapunguza hata ikiishiwa fedha. Mengine imeyaacha wazi, kila jimbo na kila wilaya ijipangie. Msaada kwa mtoto mwenye ulemavu umefungwa kwa kufuli. Msaada kwa mtoto mwenye kipaji kikubwa umeachwa wazi. Mzazi akilishika hilo, nusu ya mkanganyiko imeondoka.

Kwanza, lugha si ulemavu

Siku ya kumwandikisha mtoto utapewa fomu inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Wazazi wengi wa kwetu huandika Kiingereza, wakihofia mtoto atatengwa. Naelewa hofu hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto anakosa kupimwa Kiingereza na kupata somo la kujifunza lugha ambalo ni haki yake. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya wanafunzi wa San Francisco waliokuwa wakizungumza Kichina, ikasema kwamba kumpa mtoto asiyeelewa Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule kama wenzake hakumfanyi awe sawa nao. Tangu hapo wilaya zinawajibika kumsaidia mtoto aelewe masomo.

Huduma hii ya lugha ni kitu kimoja, na elimu maalumu ni kitu kingine kabisa. Sheria inasema waziwazi: mtoto hawezi kuhesabiwa kuwa ana ulemavu wa kujifunza ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza, au kutofundishwa ipasavyo huko alikotoka. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akasoma kwa Kifaransa kwenye darasa lililofurika, leo anawekwa darasa la 7 kwa sababu tu ana miaka 12, kwani shule za hapa hupanga watoto kwa umri. Asipojua sehemu na desimali, kosa si la ubongo wake. Hakufundishwa.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na mimi naliogopa zaidi kwa sababu huja kwa upole. Mwalimu anasema, "Tusubiri kwanza ajue Kiingereza." Mwaka unapita, wa pili unapita. Mtoto anaongea Kiingereza cha uwanjani bila shida, kusoma hasomi, na kila mtu anaendelea kusubiri. Wataalamu wa lugha wametofautisha zamani Kiingereza cha mazungumzo, ambacho mtoto hukipata kwa mwaka mmoja au miwili, na Kiingereza cha masomo, ambacho kinaweza kuchukua miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo kusubiri kunaonekana kuwa busara, kumbe wakati mwingine kuna tatizo halisi limejificha nyuma ya lugha.

Nani anaweza kuzitenganisha hizo mbili? Mzazi. Hakuna mtaalamu wa wilaya anayejua mtoto huyu alianza kusema akiwa na umri gani, au kama kwa Kiswahili chenyewe, au Kibembe, au Kinyarwanda, hushindwa kusimulia alichokiona sokoni wakati mdogo wake anasimulia vizuri. Ukimtuma vitu viwili, analeta kimoja? Alipata degedege utotoni? Aliugua malaria kali? Mambo haya tunayaona ya nyumbani, hatuyasemi kwenye kikao kwa kudhani wataalamu wanayajua. Ugumu unaoonekana katika lugha zote mbili ni dalili nzito. Ugumu unaoonekana kwenye Kiingereza peke yake mara nyingi ni lugha tu. Na mtoto mmoja anaweza kupata huduma zote mbili kwa wakati mmoja. Akiambiwa achague moja, huyo anayemwambia amekosea.

Sheria ya fundi cherehani

Sasa tuje kwenye elimu maalumu yenyewe. Jina hili linatutisha kwa sababu tunalijua kutoka nyumbani. Dar es Salaam ukisema elimu maalumu watu wanafikiria Uhuru Mchanganyiko au shule ya viziwi Buguruni. Kenya wanafikiria shule ya wasioona ya Thika. Ni shule zilizofanya kazi kubwa, lakini zimetuachia picha ya jengo: mtoto anachukuliwa, anapelekwa mahali. Huku Marekani elimu maalumu ni huduma, na huduma hiyo humfuata mtoto pale alipo. Takribani theluthi mbili ya wanafunzi wanaoipata hukaa asilimia 80 ya siku au zaidi kwenye darasa la kawaida pamoja na wenzao. Sheria inaitaka wilaya ianze na darasa la kawaida, na ikitaka kumtoa mtoto humo, yenyewe ndiyo itoe sababu.

Haikuwa hivi zamani. Hadi miaka ya 1970, majimbo mengi yaliruhusu shule kumkataa mtoto mlemavu, na Bunge la Marekani lenyewe lilikiri kwamba watoto zaidi ya milioni moja walikuwa wamefungiwa nje ya shule kabisa. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili huko Pennsylvania walikwenda mahakamani mwaka 1971, wengine wakafuata Washington, na Novemba 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria ambayo leo inajulikana kwa herufi IDEA. Nawaeleza wazazi historia hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kumuuliza mwalimu maswali ni kumkosea adabu. Sheria hii isingekuwepo kama wazazi wangenyamaza.

Inasema nini? Kwamba kila mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21, ana haki ya elimu ya umma inayomfaa, bila malipo. Imetaja makundi 13 ya ulemavu: uziwi, uoni hafifu, usonji (autism), ulemavu wa akili, matatizo ya usemi, na mengineyo. Kundi kubwa kuliko yote, karibu theluthi moja, ni watoto wenye ugumu mahsusi wa kujifunza. Watoto hao akili zao ni nzima, ila kusoma, kuandika au kuhesabu kunawaelemea kwa namna ambayo bidii peke yake haiondoi. Kwetu huitwa wavivu na huchapwa. Wanafunzi wote wanaohudumiwa chini ya sheria hii ni zaidi ya milioni 7, karibu mmoja kati ya kila saba kwenye shule za umma. Kwa hiyo mtoto wako hatakuwa kioja.

Namna huduma inavyopangwa, mimi huifananisha na fundi cherehani. Darasa la kawaida ni sare ya dukani: saizi tatu, inawatosha watoto wengi. Kuna mtoto sare hiyo inambana mabega au inaburuta chini. Fundi haanzi kukata kitambaa kwa kumtazama kwa mbali. Anachukua futi, anapima. Kupima huko ndiyo tathmini, na ndiyo iliyokuwa ikiombewa ruhusa kwenye ile barua ya kurasa nane. Wanapima kusikia, kuona, kusoma, kumbukumbu, usemi, tabia, kwa kadiri ya hofu iliyopo. Sheria inataka apimwe kwa lugha anayoimudu kadiri inavyowezekana, na jibu lisitokane na kipimo kimoja. Ukishasaini, sheria ya taifa inatoa siku 60 za kumaliza, ingawa majimbo mengine yana hesabu yake.

Vipimo vikionyesha kwamba mtoto ana ulemavu na anahitaji kufundishwa kwa namna ya pekee, ndani ya siku 30 kinaitishwa kikao cha kukata nguo. Nguo yenyewe ni hati inayoitwa IEP, mpango wa elimu wa mtoto huyo mmoja. Ndani yake yameandikwa anachoweza sasa, anakotakiwa kufika ndani ya mwaka, nani atamfundisha nini, dakika ngapi kwa wiki, na maendeleo yatapimwaje. Mtoto anakua, kwa hiyo nguo inaangaliwa upya kila mwaka, na vipimo vinarudiwa angalau kila miaka mitatu. Mezani hukaa mwalimu wa darasa la kawaida, mwalimu wa elimu maalumu, mtu wa kueleza vipimo, mwakilishi wa wilaya mwenye mamlaka ya kusema "tutatoa", na mzazi. Mzazi si mgeni mwalikwa. Kwa sheria ni mjumbe kama wao.

Na mkalimani? Wilaya inapaswa kuhakikisha unaelewa kinachosemwa kwenye kikao hicho, ikiwa ni pamoja na kuleta mkalimani bila wewe kulipa. Mtoto wako asiwe mkalimani wa kikao chake mwenyewe, wala dada yake. Sema pia ni Kiswahili gani. Mzazi wa Bukavu akisema "masomo" anaweza kuwa anamaanisha shule yenyewe. Mkalimani wa Mombasa asipolijua hilo, sentensi nzima inageuka. Nimeona kikao kikisimama dakika kumi kwa neno kama hilo.

Kuna maneno mawili ambayo huwa yanapita haraka kikaoni na ni heri uyasimamishe. La kwanza ni marekebisho ya kumwezesha: muda wa ziada kwenye mtihani, kusomewa swali, kukaa mbele. La pili ni kubadilisha somo lenyewe: wenzake wanasoma kitabu hiki, yeye anapewa chepesi na anapimwa kwa hicho. Mezani kwetu ingekuwa hivi: mtoto mfupi asiyefikia chakula anaweza kupewa kigoda, au anaweza kupikiwa chakula kingine. Kigoda kinamfikisha kwenye ugali uleule. Chakula kingine wakati mwingine ndicho kinachomfaa, lakini mzazi anapaswa kujua kimepikwa, maana miaka inavyokwenda kinaweza kumtoa kwenye njia ya cheti cha kawaida cha sekondari, ambacho huku huitwa diploma. Kuwa na IEP hakumnyimi mtoto cheti. Baadhi ya njia za masomo zinaweza. Uliza mapema, hata akiwa darasa la tatu: njia hii inamfikisha kwenye diploma ya kawaida?

Wapo watoto wasiohitaji kufundishwa tofauti, wanahitaji tu kizuizi kiondolewe. Hao wana mpango mwingine unaoitwa 504, kwa jina la kifungu cha sheria ya mwaka 1973 inayokataza ubaguzi dhidi ya walemavu. Mfano ulio karibu nasi ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa wa kwanza darasani, lakini anahitaji kunywa maji mara kwa mara, kwenda chooni bila kuomba omba, kutokimbizwa kwenye baridi, na kutoadhibiwa kwa siku alizolazwa. Yote hayo yanaandikwa, na mwalimu mpya akija anayakuta. Ugonjwa ukimrudisha nyuma kimasomo, anaweza kustahili hata IEP. Kisukari na pumu kali ni hivyohivyo.

Je, haki hii ina ukomo? Ina. Mwaka 1982, katika kesi ya msichana kiziwi wa New York, Mahakama Kuu ilisema wilaya hailazimiki kutoa kilicho bora kuliko vyote. Mwaka 2017, katika kesi ya mvulana mwenye usonji wa Colorado, mahakama hiyohiyo ikakataa kiwango cha chini mno ambacho wilaya nyingi zilikuwa zimejizoesha, ikasema mpango lazima uwe umepangwa kwa namna inayomwezesha mtoto kupiga hatua zinazolingana na hali yake. Kwa lugha ya fundi: huwezi kudai hariri, lakini nguo isibane wala isipwaye.

Hapo ndipo turudi kwenye amri ya Machi 2025. Haki hii ilitungwa na Bunge, na amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Wizara ni msimamizi na mgawaji wa fedha. Wasimamizi wakipunguzwa, malalamiko yanaweza kuchelewa, na hilo ni jambo la kutia wasiwasi kweli. Lakini anayedaiwa huduma ni wilaya yako, na wilaya bado inadaiwa. Kuhusu fedha, wengi wanashangaa kusikia kwamba serikali ya taifa iliahidi mwaka 1975 kufikia asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa kila mtoto mlemavu, na haijawahi kuitimiza. Kwa miaka mingi imekuwa ikitoa chini ya nusu ya hiyo. Mzigo uko kwa majimbo na wilaya. Ndiyo sababu utasikia kikaoni "hatuna mtaalamu" au "bajeti hairuhusu". Hayo ni matatizo ya kweli, lakini kwa sheria si jibu. Wakikataa kumpima mtoto au kumpa huduma uliyoomba, lazima wakuandikie sababu. Na usipokubaliana na vipimo vyao, unaweza kuomba apimwe na mtu wa nje kwa gharama yao. Wakikataa, wao ndio waende kutetea vipimo hivyo mbele ya msikilizaji wa kesi.

Nimeulizwa pia kuhusu kufukuzwa shule, hasa na wazazi wa wavulana waliopitia vita. Kwa kifupi: shule ikitaka kumwondoa mtoto mwenye IEP au 504 kwa zaidi ya siku 10, kwanza kiitishwe kikao kuangalia kama kosa limetokana na ulemavu wake. Wengi husaini barua ya kusimamishwa bila kujua kikao hicho kipo.

Mtoto anayewazidi wenzake

Upande wa vipaji, kufuli halipo. Hakuna sheria ya taifa inayoilazimisha wilaya kumhudumia mtoto mwenye kipaji kikubwa. Ipo sheria ya mwaka 1988 inayotoa fedha za utafiti na majaribio, basi. Majimbo yamejigawia njia. Pennsylvania inataka mtoto wa kipaji aandikiwe mpango wake mwenyewe, karibu kama IEP. Texas inazitaka wilaya ziwatafute na kuwahudumia. Kwingine wilaya inaamua, na jirani yake inaamua kinyume.

Tusilinganishe na nyumbani. Mtanzania akisikia vipaji maalumu anawaza Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora: unafaulu mtihani wa taifa, unapangiwa shule, unabeba sanduku. Hapa mara nyingi mtoto anabaki shuleni kwake, anatolewa saa chache kwa wiki, au anawekwa kundi la hesabu la mwaka wa mbele. Na mlango wake mara nyingi haufunguliwi na mtihani ambao kila mtu anaufanya. Unafunguliwa na mwalimu kupendekeza jina, au mzazi kuomba, mara nyingi darasa la pili au la tatu. Mtoto mkimya, mwenye lafudhi, ambaye mzazi wake hajui kwamba kuna kuomba, anapitwa. Wilaya moja kubwa ya Florida ilipoamua kuwachuja watoto wote wa darasa la pili kwa kipimo cha maumbo kisichohitaji maneno mengi, idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Kilatini walioingia kwenye mpango iliongezeka sana. Watoto walikuwepo siku zote. Hawakuwa wameangaliwa.

Ila kama ningekuwa na dakika mbili tu na mzazi, ningemwambia habari za hesabu. Masomo ya hesabu ya sekondari huku yamepangwa kama ngazi: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi. Ngazi moja kwa mwaka. Sekondari ya juu ni miaka minne, kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Hesabu mwenyewe: mtoto akianza aljebra darasa la 9, miaka inaisha kabla hajagusa kalkulasi, labda asome masomo mawili kwa mwaka mmoja au majira ya joto. Akianza darasa la 8, anafika. Nani ataanza darasa la 8 huamuliwa mara nyingi darasa la 5 au la 6, mtoto akiwa na miaka 11, wakati sisi wazazi wengi bado tunatafuta kituo cha basi. Anayetaka uhandisi atakuja kulihisi pengo hilo miaka saba baadaye. Texas, kwa sheria ya mwaka 2023, inataka watoto waliofanya vizuri kwenye mtihani wa hesabu wa darasa la 5 waingizwe moja kwa moja kwenye hesabu ya juu darasa la 6, bila kusubiri pendekezo la mtu. North Carolina ilianza jambo kama hilo mwaka 2018. Kwingine, uliza wewe. Swali ni hili: "Mwanangu yuko kwenye njia ipi ya hesabu, na atasoma aljebra darasa la ngapi?"

Sekondari kuna pia kozi za AP, za kiwango cha chuo kikuu. Mtihani wake una alama 1 hadi 5, na vyuo vingi huzitambua 3 kwenda juu kama kozi iliyokwisha kusomwa. Familia zenye kipato kidogo hupunguziwa ada ya mtihani, zikiomba.

Na kuna watoto wachache wanaosahaulika kuliko wote: wenye kipaji na ulemavu kwa pamoja. Akili inaficha ugumu, ugumu unaficha akili, na mwalimu anaona mtoto wa wastani. Mvulana anayetatua fumbo la hesabu kichwani lakini haandiki sentensi tatu. Msichana mwenye usonji anayejua ramani ya dunia nzima na hawezi kukaa bwaloni kwa kelele. Mtoto kama huyo anaweza kuwa na IEP na akawa kwenye darasa la juu. Kumtoa kwenye darasa la juu kwa sababu tu ana IEP ni ubaguzi, na sheria haiuruhusu.

Barua ya mistari minne

Huhitaji wakili ili kuanza. Andika: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa. "Naomba mwanangu afanyiwe tathmini ya elimu maalumu. Nina wasiwasi kuhusu kusoma kwake, na nyumbani pia nimeona hivi na hivi. Naomba mkalimani wa Kiswahili kwenye vikao vyote na nijibiwe kwa maandishi." Weka tarehe, weka saini, piga picha nakala yako kabla ya kuipeleka. Kuongea na mwalimu getini ni vizuri, lakini hakuachi alama. Ukikwama, kila jimbo lina kituo cha kuwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinacholipiwa na serikali ya taifa, na msaada wake ni bure. Kikaoni ukipewa karatasi ya kusaini, soma kwanza iliyo juu ya mstari: kusaini kwamba umehudhuria ni tofauti na kusaini kwamba umekubali. Unaruhusiwa kusema, "Nakwenda nayo nyumbani, nitairudisha Jumatatu."

Yule mama wa Uvira alikwenda nayo. Tuliisoma kwa simu jioni tatu mfululizo, ukurasa kwa ukurasa, na siku ya nne akasaini. Amenikubalia nisimulie, bila jina. Vipimo vilionyesha kwamba sikio moja la mwanawe lilikuwa halisikii vizuri, na la pili lilikuwa limepungua. Kambini alikuwa akitokwa usaha masikioni kila masika, na hakuna aliyewahi kuliuliza hilo, kwa hiyo naye hakuwahi kulisema. Sasa mwalimu anavaa kipaza sauti kidogo shingoni, na mtoto anakaa mstari wa mbele, upande wa kulia wa darasa, sikio lenye nafuu likimwelekea mwalimu.